Gari Langu ni la Kawaida: Nianzie Wapi Kuliboresha?

SWALI: Fundi, nina gari dogo aina ya saluni, la cc 1,500, gia otomatiki, umri wake miaka 12. Ndilo gari langu la kwanza na nalipenda sana. Rafiki yangu ananishauri nikate springi ili lishuke chini, nivue rimu hizi za inchi 15 niweke za 17, kisha nibadilishe ekzosi lipate mlio. Akiba yangu inatosha jambo moja au mawili, si yote. Tena kuna kundi la wapenzi wa magari linalokutana Jumapili moja kila mwezi. Natamani kwenda, ila magari yao yanang'aa na langu ni lile ambalo kila mtu analo. Nianzie wapi? Na je, niende?

JIBU: Ndugu yangu, nenda. Nimeanza na swali lako la mwisho kwa kuwa jibu lake ni fupi, na kwa kuwa nahisi ndilo lililokufanya uandike. Nitalirudia huko mbele. Kwa sasa nakuomba jambo moja: usikate springi. Hata ukiyaacha mengine yote nitakayoandika hapa, hilo lishike.

Gari lako lina raha nyingi ndani yake kuliko unavyodhani, na akiba uliyo nayo inatosha kuanza vizuri. Kilichonigusa kwenye swali lako ni kwamba mambo yote matatu uliyoshauriwa huonwa au husikiwa na mtu aliye nje ya gari. Hakuna hata moja linalohusu kitu ulichokihisi wewe mwenyewe ukiwa umeshika usukani. Nimefanya kazi gereji miaka mingi, na nimepokea magari mengi yaliyobadilishwa sana ambayo wenyewe wameyachoka na wanataka kuyauza. Nikikaa nao na kuwauliza, husikia habari ile ile: walinunua jibu kabla hawajawa na swali.

Marekebisho ya mwanzo kabisa ya gari tunayoyajua yalizaliwa njiani. Agosti 1888, Bertha Benz aliondoka Mannheim na wanawe wawili, Eugen na Richard, katika gari la magurudumu matatu lililobuniwa na mumewe, Carl. Alikuwa anakwenda Pforzheim, yapata kilomita 100. Mrija wa mafuta ulipoziba, aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Breki za mbao zilipolika kwenye miteremko, alimwomba fundi viatu azivike ngozi, na breki pedi tunazofunga leo ni wajukuu wa ile ngozi. Vilimani gari lilikuwa linashindwa hadi lisukumwe, basi aliporudi alimweleza mumewe kwamba linahitaji gia nyingine ya kupandia, nayo ikaongezwa. Mama yule aliendesha kwanza, akahisi palipopungua, ndipo akatengeneza. Huo ndio utaratibu ninaokushauri nawe uufuate.

Kwa hiyo tafuta daftari. Kwa wiki mbili endesha kama kawaida, na kila ukifika na kuzima injini andika mstari mmoja au miwili kabla hujashuka. Usukani unavuta upande gani? Ukipita kwenye bonde gari linatulia mara moja au linaendelea kuyumba? Kuna mlio wa "kok-kok" ukikata kona taratibu? Kanyagio la breki linashika juu au linazama kwanza? Usiku unaona mbali kiasi gani? Mgongo unauma baada ya muda gani? Utashangaa jinsi macho na masikio yanavyoamka ukishajua kwamba utaandika. Mtu anaweza kuendesha gari miaka mitano bila kulisikia hata siku moja.

Ukiwa bado unajaza daftari, kuna mambo yasiyodai pesa. La kwanza ni namna unavyokaa. Egemeza mabega yote mawili kwenye siti, nyoosha mkono mbele, na kifundo cha mkono kifike juu ya usukani bila bega kuinuka. Kanyaga breki hadi mwisho, goti libaki limekunjwa kidogo. Kati ya kifua chako na katikati ya usukani ibaki nafasi isiyopungua sentimita 25, kwa sababu mfuko wa hewa ukifumuka unahitaji nafasi hiyo. Wengi hukaa kama wamelala kitandani, wakishika usukani kwa vidole viwili. Mtu anayekaa hivyo hapati habari yoyote kutoka kwenye gari, halafu analalamika kwamba gari halina utamu.

La pili ni upepo wa matairi. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Namba iliyochongwa kwenye ubavu wa tairi ni kikomo ambacho tairi linaweza kuvumilia, wala si kiwango cha gari lako, na mafundi wengi wa upepo huzichanganya hizo mbili. Pima asubuhi matairi yakiwa ya baridi, kwa kipimo chako mwenyewe. Kipimo hicho kidogo kiwe kifaa cha kwanza kabisa unachonunua kwa ajili ya gari hili. Kisha fungua buti na utoe vyote unavyovibeba bila sababu, ila bakiza tairi la akiba, jeki, spana ya nati na pembetatu za tahadhari.

Sasa tuje kwenye akiba yako. Sijaliona gari, lakini kwa umri wa miaka 12 nina hakika ya kutosha kusema ningeielekeza wapi: matairi, bushi na shokapu, kisha alaimenti, yaani kupanga mwelekeo wa magurudumu. Hapo ndipo gari linapokutana na barabara, na hakuna rimu wala ekzosi itakayokupa nusu ya raha inayopatikana hapo.

Anza na matairi. Kila tairi hugusa lami kwa eneo linalokaribia ukubwa wa kiganja. Kila unacholiamuru gari, iwe ni kusimama, kukata kona au kuongeza mwendo, hupitia kwenye viganja vinne hivyo. Angalia ubavuni mwa tairi utaona herufi DOT zikifuatiwa na alama kadhaa, na tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Ukikuta 2317, tairi lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri kabisa na bado likawa limekufa, kwa sababu raba hukauka na kuwa ngumu hata gari likiwa limeegeshwa. Nchi nyingi huweka kikomo cha kina cha meno kuwa milimita 1.6, lakini kwenye maji tairi huanza kupoteza uwezo wake mapema zaidi ya hapo. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, nunua matairi manne mazuri, ya chapa moja na aina moja, kwa saizi ile ile uliyo nayo.

Bushi ni habari ambayo haitajwi na wengi, nami naipenda kuliko zote. Mikono ya kusimamishia magurudumu imeshikwa kwenye bodi kwa vipande vya raba, na raba hizo huchakaa taratibu mno kiasi kwamba hutambui. Kila mwezi gari linalegea kidogo, nawe unalizoea. Gari langu la kwanza lilikuwa hivyo. Niliamini limezeeka, nikaanza kutafuta mnunuzi. Mzee aliyenifundisha kazi aliniambia nisiliuze kabla sijabadilisha bushi za mbele, boljointi na shokapu nne. Tulifanya kazi hiyo siku mbili. Siku ya tatu nikalipeleka kwenye alaimenti, na jioni ile nikaendesha bila kuwa na pa kwenda, nikizunguka tu, kwa sababu kila nilipogusa usukani gari liliitika pale pale. Injini ilikuwa ile ile, na rangi yake ilikuwa imefifia vile vile, lakini mnunuzi niliacha kumtafuta, na gari lile nilikaa nalo miaka sita zaidi.

Mwambie fundi alipandishe gari, achukue mtaimbo na kutikisa kila kiungo wewe ukiwa umesimama hapo unaona kwa macho yako. Shokapu iliyokufa huvuja mafuta, au huacha tairi likiwa limelika mabonde mabonde. Shokapu hubadilishwa mbili mbili kwa ekseli moja, hazibadilishwi moja moja. Alaimenti iwe ya mwisho baada ya vyote kufungwa, na udai karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Ibandike kwenye daftari lako.

Breki hazitakugharimu sana. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na unyevu huo hushusha kiwango cha kuchemka. Mafuta ya breki ya daraja liitwalo DOT 4 (si ile DOT ya tairi) yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, ila yakishanyonya maji kiwango chake cha chini hushuka hadi nyuzi 155. Kwenye mteremko mrefu tofauti hiyo hutenganisha kanyagio linaloshika na kanyagio linalozama hadi chini. Yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, kwa aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha tenki lake. Na ukiwa unajiuliza kwa nini nasisitiza breki kwa mtu anayetaka raha, fikiria kwamba nguvu inayobebwa na gari huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo: likitoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, mwendo umepanda kwa robo, lakini kazi ya kulisimamisha imepanda kwa zaidi ya nusu. Dereva anayeziamini breki zake huendesha akiwa ametulia, na huo utulivu ni sehemu kubwa ya starehe.

Turudi kwa rafiki yako, ambaye naamini anakutakia mema.

Springi ikikatwa huwa fupi, na pia huwa ngumu, kwa sababu mizunguko inayofanya kazi imepungua. Ncha yake iliyotengenezwa kukaa vizuri kwenye kikombe chake imeondoka. Gurudumu likining'inia, mathalani ukipita kwenye tuta au gari likipandishwa kwa jeki, springi hiyo inaweza kuhama mahali pake. Shokapu nayo imeundwa kufanya kazi katikati ya safari yake, sasa inalazimishwa kukaa karibu na mwisho, ikigonga raba ya kuzuilia kila shimo. Nimewahi kufungua gari lililokatwa springi na kukuta ganda la shokapu limepinda. Ukitaka gari lishuke, zipo springi fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya modeli husika, hufungwa pamoja na shokapu zinazolingana nazo, na baada ya hapo alaimenti na mwelekeo wa taa hupimwa upya. Ni kazi nzuri ikifanywa hivyo. Ila iache kwa sasa, kwa kuwa hujaniambia popote kwamba gari lako linayumba kwenye kona.

Rimu za inchi 17 tuzipigie hesabu. Tuseme saizi yako ni 185/65 R15. Upana ni milimita 185, na kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya huo upana, yaani kama milimita 120. Ukihamia 205/45 R17, kipenyo chote kinabaki karibu kile kile, tofauti haifiki asilimia moja, hivyo kipima mwendo hakitadanganya. Lakini ubavu umeshuka hadi milimita 92. Umetoa karibu sentimita tatu za raba iliyokuwa inakupokelea mashimo, na mara nyingi umeongeza uzito mahali pabaya zaidi, kwenye gurudumu lenyewe, chini ya springi. Kwenye barabara laini utapata usukani mkali kidogo. Penye mashimo utapata rimu zilizopinda na mgongo unaouma. Ningekuwa wewe, ningesafisha hizo za inchi 15, nikazipaka rangi upya, au nikatafuta rimu nyepesi za saizi hiyo hiyo. Ukinunua rimu yoyote hakikisha mambo matatu: idadi ya nati na umbali kati yake, kina cha rimu kinachoandikwa ET, na tundu la katikati. Mimi niliwahi kununua rimu nzuri sana ambazo ET yake haikufaa. Kila nilipopakia watu nyuma, tairi lilisugua ukingo wa bodi, nami nilikuwa nimeambiwa dukani kwamba "zitaingia tu". Ziliingia kweli, na zilikula matairi mawili.

Ekzosi ndiyo inayohitaji maneno machache. Kwenye injini ndogo isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, kubadilisha bomba la nyuma huongeza mlio na karibu hakuna nguvu. Mlio huo unaweza kuupenda dakika kumi za mwanzo, halafu ukauchukia saa tatu za safari. Wala usikubali mtu aondoe kile kichujio cha moshi chenye madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Kinageuza gesi zenye sumu ziwe hafifu, sensa za injini zinakitegemea, na sehemu nyingi sheria hairuhusu kukitoa.

Kuhusu nguvu kwa ujumla, moyo wako usitaabike kwa sababu ya cc 1,500. Mwaka 1989, huko Chicago, Mazda walionyesha kwa mara ya kwanza gari lao dogo la michezo, MX-5, likiwa na injini ya lita 1.6 na nguvu za farasi zisizofika 120. Wahandisi wake waliongozwa na fikra ya Kijapani iitwayo jinba ittai, yaani farasi na mpandaji kuwa kitu kimoja. Walihangaikia uzito, mahali dereva anapokaa, na mkono wa gia unavyoingia. Kufikia 2016 walikuwa wameshatengeneza milioni moja. Watu milioni moja hawakununua kasi pale, maana zilikuwepo saluni zilizokimbia zaidi. Walinunua mazungumzo kati ya mikono yao na barabara. Ndiyo maana nimekupeleka kwenye bushi kwanza.

Baada ya hapo, ukipata tena kidogo, shughulikia unachokishika na unachokitazama kila siku. Ganda la usukani lililomenyeka lishonewe ngozi mpya, na ishonwe kwa mkono, usivishe ile soksi inayoteleza. Taa zilizopata ukungu wa manjano unaweza kuzirudisha mwenyewe: funika rangi ya pembeni kwa utepe, sugua kwa msasa wa maji namba 1000, halafu 2000, halafu 3000, malizia kwa polishi, na mwisho paka kinga ya jua, la sivyo ukungu utarudi baada ya miezi michache. Ni kazi ya nusu siku, na usiku wake utaona njia kama umebadilisha macho. Balbu za LED zisizotengenezwa kwa taa zako ziepuke. Kioo cha ndani ya taa kimepimwa kulingana na mahali waya wa balbu ya kawaida unapowakia, na chanzo cha mwanga kikihama hata kidogo, unawapofusha wanaokuja mbele yako huku mwenyewe ukidhani unaona vizuri.

Redio nayo ina siri yake. Watu hukimbilia buti kujaza besi. Anza na spika mbili za milango ya mbele, na kabla ya kuzifunga bandika ndani ya mlango zile karatasi nzito za kuzuia mtetemo. Mlango ukiacha kutetemeka, spika za wastani huimba kama za bei mbaya, na hata mlango wenyewe ukiufunga unatoa sauti nzito ya kupendeza. Ukiongeza amplifaya baadaye, waya wake wa umeme uwe na fyuzi karibu kabisa na betri. Waya usio na fyuzi ukichubuka na kugusa bodi huwasha moto.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, kisha endesha wiki nzima kabla ya kingine. Ukibadilisha vitatu kwa siku moja hutajua kipi kilikufurahisha na kipi kilikuharibia. Vifaa vya zamani vihifadhi kwenye boksi. Na kampuni yako ya bima uijulishe kila badiliko linalogusa mwendo, breki, magurudumu au kimo cha gari, kwa sababu siku ya ajali hawatakuwa na haraka ya kukuelewa.

Sasa tuje kwenye ile Jumapili. Unaogopa kwamba gari lako ni la kawaida. Huko Uingereza, tangu 2014 kuna tamasha liitwalo Festival of the Unexceptional, ambalo maana yake ni tamasha la magari yasiyo ya ajabu, na kweli ndiyo sifa ya kuingia. Watu huleta saluni za kifamilia za miaka ya zamani, zile zilizojaa kila barabara kisha zikatoweka bila mtu kuziaga, na waamuzi hutoa tuzo kwa iliyotunzwa vizuri zaidi. Watu wazima husimama mbele ya gari la bei nafuu machozi yakiwalenga kwa sababu baba zao waliwabeba shule kwenye lile lile. Gari ambalo kila mtu analo ndilo gari ambalo kila mtu ana kisa chake.

Na hata penye magari ya fahari, ukikaa utaona watu hawazungumzi unavyofikiri. Mwenye gari linalong'aa husikia "linakimbia ngapi?" na "uliuziwa kiasi gani?" mara mia kwa siku, na maswali hayo yamemchosha. Muulize alianza na nini. Muulize kazi ipi ilimsumbua zaidi, na ni kitu gani angekifanya tofauti. Utamwona anafungua boneti, anachutama, anakuonyesha boliti moja iliyomlaza macho siku nne. Mimi nimejifunza mengi zaidi nikiwa nimechutama kando ya magari ya watu kuliko nilivyojifunza kwenye vitabu vya mafundi.

Mara ya kwanza ukitaka, egesha mbali kidogo uingie kwa miguu. Hakuna ubaya. Ila mara ya pili ingia nalo, likiwa limeoshwa. Ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudi kwenye rangi na kuichora. Anzia juu ushuke, magurudumu yawe na kitambaa chake peke yake. Usiguse gari la mtu bila kuomba, usiegemee, na ukiwa na mtoto mshike mkono. Ukiombwa usipige picha namba za gari, heshimu.

Jambo moja nisisitize kwa nguvu zote: ondoka polepole. Ajali nyingi za mikusanyiko hii hutokea wakati wa kuagana. Watu wamejipanga pande mbili na simu mkononi, mtu mmoja anapiga kelele "kanyaga!", dereva anakanyaga, matairi ni ya baridi, gari linakwenda pembeni moja kwa moja kwenye watu. Hata pasipo ajali, mnapoteza uwanja. Pale Yokohama kuna kituo cha mapumziko cha Daikoku, pembeni ya barabara kuu, ambacho wapenzi wa magari duniani kote hukitaja kwa shauku, na huwa kinafungwa mara kwa mara usiku umati na kelele zinapozidi. Kundi lenu likiwa na tabia hiyo, siku moja mtakuta geti limefungwa. Ukiona ni kundi la kuchoma matairi na kushindana barabarani, geuza gari urudi nyumbani, utafute jingine. Hamu ya mwendo ina mahali pake: waulize kama huandaa siku ya kuzungusha magari kati ya koni kwenye uwanja uliofungwa. Pale, kwa mwendo mdogo, saluni ndogo yenye matairi mapya na bushi nzima hutoka mbele ya magari makubwa kuliko watu wanavyotarajia.

Kitu cha kutafuta hasa kwenye kundi hilo ni watu watatu au wanne wanaokaa karibu nawe na wanaopenda kushika spana. Kubalianeni siku moja kila baada ya muda mkutane kwa mmoja wenu, mfanye kazi ndogo: kubadilisha mafuta ya injini, plagi, filta ya hewa, breki pedi. Mmoja atakuwa na spana ya kupimia kaza ya nati, mwingine stendi za kuwekea gari. Stendi hizo ni lazima. Mtu haingii chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa kuokota nati iliyoanguka, hata kwa sekunde tano. Nimewahi kwenda kumzika kijana aliyekuwa anajua hilo vizuri tu.

Basi fanya hivi. Wiki mbili za daftari. Kisha gari lipandishwe, mtikise viungo na fundi wako, usome tarakimu za matairi yote manne, hata lile la akiba. Ukikuta matairi bado ni mazima, akiba iende kwenye bushi na shokapu. Ukikuta yamekauka, yaanze yenyewe na bushi zisubiri. Jumapili ya mkusanyiko nenda na daftari mfukoni, na mtu akikuuliza umefanya nini kwenye gari lako, mwambie bado unalisikiliza, kisha mpe ufunguo akalie siti ya dereva akuambie yeye anahisi nini. Rafiki yako wa springi mchukue pia. Baada ya alaimenti, muweke siti ya abiria, muende barabara ile ile mliyoizoea, na usimweleze lolote mpaka aseme mwenyewe. Ningependa uniandikie alisema nini.